Tulianzia Kileleni

Historia ya kikundi chetu cha kupanda milima niliiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kwenye katiba tuliyoipeleka ofisi ya ustawi wa jamii tupate cheti: "Kikundi hiki kiliasisiwa na wapangaji wanne kwenye kilele cha Kilimambogo." Sentensi nzuri. Ina kosa moja tu: hatukufika kileleni.

Tulikuwa wapangaji wa ploti moja hapo Thika. Daktari alikuwa amemwonya mwenyekiti kuhusu presha (wakati huo hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote isipokuwa meza ya nyama choma), nasi watatu tukaamua kumsindikiza kwa huruma. Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk ukipenda, una urefu wa mita 2,145, na kutoka langoni hadi juu ni kama kilomita 9 za barabara ya mlima. Wenye mlima ni nyati, hata jina ni lao, kwa hiyo tulipewa askari mwenye bunduki. Sisi silaha yetu ilikuwa mayai manne ya kuchemsha. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani.

Hatujamaliza kilomita ya pili, soli ya kushoto ikaachama. Kila nikikanyaga inapiga kofi, pwaa, pwaa, mpaka askari akaniomba nipunguze kelele, nyati wasije wakadhani wanaitwa. Mweka hazina akavua mkanda wake akanifungia kiatu. Kuanzia hapo akawa anapanda mlima kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia suruali.

Hivyo hivyo tukajikokota hadi makaburini, kilomita ya 7. Hapo amezikwa Sir William McMillan, yule tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba Juja, aliyefariki 1925. Mkewe Lucie yuko hapo, mtumishi wao yuko hapo, hata mbwa. Ukungu ulikuwa mzito kama uji wa mgonjwa. Mwenyekiti akajilaza chali kwenye nyasi, akafumba macho, akatangaza, "Tumefika."

Askari akamtazama, akautazama mlima uliobaki, akasema, "Mkisema mmefika, mmefika, wazee wangu."

Tukapiga picha, tukala mayai, tukashuka.

Ndugu zangu, uongo ukishapigwa muhuri wa serikali huwa mgumu kuurudisha nyumbani. Kenya hii Kisoi Munyao alipandisha bendera kwenye kilele cha Lenana, Mlima Kenya, wakati wa Uhuru, 1963, mita 4,985 kwenye barafu, na sisi tulikuwa tunasimulia yetu kwa sauti ileile. Vijana wakajiunga. Tukachapisha fulana za kijani zenye maandishi mgongoni: TULIANZIA KILELENI. Tulipotimiza miaka kumi, wakaamua twende wote ishirini na watatu, waasisi wawaonyeshe mahali hasa pa ile picha. Nami, kwa kiherehere changu, nikaipeleka picha ya simu kwa wachapishaji ikakuzwa ikawa bango refu kuliko mimi. Nikalibeba mgongoni kutoka langoni.

Kufika makaburini tukapumzika. Askari wa safari hii alikuwa kijana mwenye maneno. Akatusimulia kwamba McMillan alikuwa bonge la mtu na alitaka azikwe juu kabisa kileleni, ila gari lililobeba jeneza likashindwa na mwinuko, ikabidi azikwe hapa.

"Kwa hiyo hakufika?" akauliza binti mmoja, mwanachama mpya.

"Hakufika."

Binti akaliangalia kaburi. Akageuka akaliangalia bango, ambalo nilikuwa nimelisimamisha kando yangu kama mganga aliyetandaza dawa zake. Akalisogelea.

"Mzee Katibu, hebu liinue kidogo."

Nikaliinua. Kwenye simu, nyuma ya goti langu palikuwa na ukungu tu. Kwenye bango palikuwa na jiwe, na kwenye jiwe herufi tatu zinasomeka bila miwani: M, c, M.

"Na huyu naye alikuwa mwasisi?"

Nikasema kwamba ukungu wa siku ile, na kamera za zamani, na pia ujue mlima nao… Nikageuka kumtafuta mwenyekiti aniokoe. Alikuwa ameshajilaza chali, kwenye nyasi zilezile. "Kama gari lilishindwa," akasema bila kufumbua macho, "mimi ni nani?" Mweka hazina alikuwa akikaza mkanda kwa makini sana.

Kilomita zilizobaki nilizipanda nyuma ya vijana, kimya, bango limekunjwa kwapani. Kileleni kuna milingoti ya mawasiliano na upepo. Pazuri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupaona.

Kikao kilifanyika hapohapo juu, na kumbukumbu nikaziandika mimi: historia irekebishwe, gharama ni za katibu. Fulana arobaini kuzichapa upya kungenimaliza. Fundi akanishauri niongeze neno moja tu chini, KARIBU, yaani tulianzia karibu na kilele. Nikamlipa, nikashukuru Mungu.

Sasa nikipita steji ya Thika na fulana hiyo, TULIANZIA KILELENI KARIBU, makanga wananijibu, "Asante, mzee, lakini huko ni mbali."