Kabla ya kununua tena dawa ya amiba, pima maziwa

Kuna mgonjwa anayefahamika katika maduka mengi ya dawa kati ya Moshi na Ngaramtoni. Tumbo lake hujaa gesi kila asubuhi, kama saa moja baada ya chai. Linaunguruma hadi jirani anasikia, na siku nyingine linamkimbiza chooni kabla hajafika kazini. Ameshatibiwa amiba, minyoo, taifodi na vidonda vya tumbo, nyingine kati ya hizo zaidi ya mara moja. Kila dozi inampa nafuu ya siku chache, kisha mambo yanarudi palepale. Swali ambalo hakuna aliyemuuliza ni hili: chai unakunywa ya rangi au ya maziwa?

Huku kwetu swali hilo halitujii kirahisi kwa sababu maziwa ni chakula cha heshima. Mgeni anapewa maziwa, mzazi analetewa maziwa, mgonjwa anashauriwa anywe maziwa ili apate nguvu. Mtu akisema yanamsumbua, anaonekana anadeka au anadharau. Ninashikilia kwamba mtu mzima mwenye tumbo la aina hii, asiye na homa wala damu kwenye choo, ajaribu kwanza kuacha maziwa wiki mbili kabla ya kununua dozi nyingine. Jaribio hilo halina gharama, na majibu yake yanaeleweka.

Kinachotokea ni hiki. Maziwa yana sukari yake inayoitwa laktosi, karibu gramu 5 katika kila mililita 100. Ili sukari hiyo iingie mwilini, lazima ikatwe vipande viwili na kimeng'enya cha utumbo mwembamba kinachoitwa laktezi. Mtoto mchanga anacho tele. Baada ya umri wa kuachishwa ziwa, kwa binadamu wengi duniani kinaanza kupungua. Laktosi isiyokatwa inavuta maji kuingia kwenye utumbo, na hapo ndipo kuharisha kunapoanzia. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaichachua na kutoa gesi, ikiwemo hidrojeni. Dalili huanza kati ya nusu saa na saa chache baada ya kunywa.

Nafuu ya muda baada ya dozi nayo ina maelezo. Mtu akiwa anatumia dawa mara nyingi anaacha chai ya maziwa na kunywa uji mwepesi, na dawa zenyewe zinaweza kuwapunguza kwa muda wale bakteria wanaotengeneza gesi. Akipona anarudia chupa ya chai, na tumbo linarudia yake.

Wengine watauliza: mbona Wamasai wanakunywa maziwa tangu enzi na hawadhuriki? Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha uchunguzi uliowahusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani 470. Walikuta mabadiliko ya vinasaba yanayofanya laktezi iendelee kutengenezwa ukubwani, na mojawapo limeenea zaidi kwa jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya. Hili ni jambo la kurithi, na halimpati kila mtu hata katika jamii hizo. Ndiyo maana ndani ya nyumba moja, dada anaweza kumaliza nusu lita kwa pumzi moja na kaka yake akateseka kwa kikombe. Wala tusisahau kwamba maziwa mengi yaliyokuwa yakinywewa ufugajini yalikuwa ya kibuyu, yameganda, na hayo ni habari nyingine kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kujipima, tenganisha mambo mawili ambayo watu wanayaita kwa jina moja, aleji. Mzio wa maziwa unatokana na protini, na mwili unapambana nayo: midomo kuvimba, vipele vinavyowasha, kutapika ghafla, kifua kubana. Huo unaweza kuua, na kwa baadhi ya watu tone moja linaweza kutosha kuuamsha. Aliyewahi kupata dalili hizo asijaribu chochote ninachoeleza hapa, aende hospitali. Kushindwa laktosi hakuui. Kunaumiza, kunaaibisha, kunaharibu siku ya kazi, lakini ni suala la kiasi.

Jaribio lenyewe linakwenda hivi. Kwa siku 14 usiguse maziwa ya aina yoyote: chai ya maziwa, maziwa ya unga, mtindi, aiskrimu, loshoro (mahindi na mtindi), kitawa (ndizi na maziwa mgando), mtori uliotiwa maziwa. Chai iwe ya rangi. Chakula kingine usikibadilishe hata kidogo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaacha maziwa, na wiki hiyohiyo anaacha makande na kiburu (ndizi na maharage). Tumbo likitulia hajui amshukuru nani. Maharage yana sukari zake zinazoleta gesi kwa karibu kila mtu, na vitunguu vinafanya hivyo kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo kama ulikuwa unakula makande mara mbili kwa wiki, endelea kula mara mbili. Andika kwenye daftari kila siku ulichokula, gesi, maumivu na choo.

Tumbo likiwa limetulia, chagua asubuhi moja usiyo na safari. Ukiwa hujala kitu, kunywa mililita 250 za maziwa freshi yaliyochemshwa na kupoa. Usitie sukari, majani ya chai wala kahawa, maana kahawa peke yake inaweza kumpeleka mtu chooni. Kaa saa nne ukinywa maji tu, ukiandika kinachotokea. Usifanye jaribio hili ukiwa kwenye dozi ya antibayotiki au ukiwa umetoka kuharisha juzi, na mwanamke asilifanye siku za hedhi, kwa kuwa tumbo hujaa lenyewe.

Kikombe hicho kisipokufanya kitu, maziwa ya kiasi hicho hayana kosa, na huna sababu ya kuyaacha. Rudi kwa daktari atafute kwingine. Kikileta ngurumo na kuharisha, pumzika siku tatu, kisha anza upya na mililita 100 pamoja na chakula, ukiongeza 50 kila baada ya siku tatu. Utafika mahali tumbo litakataa. Kiwango cha kabla ya hapo ndicho kipimo chako, na kijue kama unavyojua namba ya kiatu chako.

Watu wengi wanaoshindwa laktosi hubeba hadi gramu 12 kwa mara moja bila taabu kubwa, hasa wakila na kitu kingine. Piga hesabu basi. Glasi ya mililita 300 ya maziwa matupu ina gramu 14 hivi, imevuka. Kikombe cha chai cha mililita 250, nusu maji nusu maziwa, kina gramu 6. Kwa mwenye tumbo jepesi vikombe viwili vya haraka na tumbo tupu vinatosha kumsumbua, ilhali kikombe kimoja na viazi vitamu kinapita. Sufuria ya mtori iliyotiwa nusu lita ya maziwa, ikagawanywa kwa watu sita, inampa kila mmoja gramu 4. Mtori, kwa hiyo, mara nyingi unasingiziwa bure. Maziwa ya unga ndiyo yanayowatega watu: zaidi ya theluthi ya uzito wake ni laktosi, na kijiko kikubwa kilichojaa kinabeba karibu gramu 3, kwa hiyo vijiko vinne katika kikombe kimoja vinafikia ule mpaka.

Kuchemsha hakusaidii. Laktosi haivunjiki kwa moto wa jikoni hata maziwa yakichemka nusu saa. Tangawizi na iliki zinapendeza kwenye chai lakini hazikati sukari hiyo. Maziwa ya mbuzi, yanayosifiwa sana, yana laktosi pungufu kidogo tu. Kuondoa malai pia hakupunguzi kitu, kwa sababu sukari imo kwenye maji ya maziwa. Kwa sababu hiyohiyo samli haina tatizo kwa wengi, na jibini gumu lililokaa muda mrefu linabaki na laktosi kidogo mno.

Mkombozi wa kweli ni mtindi. Bakteria wake wanakula sehemu ya laktosi wakati maziwa yanaganda, na walio hai wanaendelea kuikata ndani ya utumbo wako. Ila mtindi wa haraka hautoshi, na mwingi wa dukani umeongezwa maziwa ya unga ili uwe mzito. Soma maandishi ya kopo. Ni bora utengeneze mwenyewe.

Chukua lita moja ya maziwa freshi na uyachemshe. Yakishachemka, yaache moto mdogo dakika tano. Usiruke hatua hii hata kama ng'ombe ni wako: brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ipo mikoa ya Kaskazini, na kuganda pekee hakuhakikishi kwamba vijidudu vyake vimekufa. Yapoze mpaka kidole kisafi kikae ndani kwa sekunde kumi bila kuungua, yaani nyuzi 40 hivi. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya mtindi mtupu, usio na ladha wala rangi, katika kikombe cha maziwa hayo hadi mabonge yaishe, kisha urudishe kwenye sufuria. Mimina kwenye hotpoti uliyoipasha kwa maji ya moto, funika, na usiitikise.

Moshi mwezi Januari utakuta yameganda ndani ya saa 8 hadi 12. Arusha mwezi Julai, hasa kule juu Sakina na Ilboru, usiku wa baridi unaweza kuyachelewesha mpaka kesho yake jioni, zungushia blanketi. Yakishaganda usiyakimbilie. Yaache yatimize saa 24, yawe makali, kwa kuwa kila saa ya ziada inapunguza sukari. Halafu chuja kwa kitambaa safi kwa saa tatu. Maji yanayodondoka yanaondoka na sehemu ya laktosi iliyobaki. Kinachokaa kwenye kitambaa ni kizito, na watu wengi ambao glasi ya maziwa freshi inawaangusha wanakila bila shida.

Kasoro zinajieleza. Yasipoganda kabisa, ama uliweka mbegu (ule mtindi wa kuanzishia) maziwa yakiwa ya moto ukaua bakteria, ama mbegu ilikuwa nzee. Yakiwa na utelezi unaovutika, huenda chombo hakikuwa safi. Yakitoa mapovu na harufu ya hamira, au yakiota ukungu wa rangi yoyote, mwaga. Na ukipika loshoro, tia mtindi sufuria ikiwa imeshaepuliwa na mahindi yamepoa kidogo. Ukiuchemsha, umewaua walewale uliokuwa unawategemea.

Sasa kwa wenyeji wa nyumba. Chai inayochanganywa yote kwenye chupa moja haimwachii mgeni nafasi. Weka chai ya rangi kwenye chupa, maziwa ya moto kwenye jagi pembeni, kila mtu ajimiminie. Hakuna gharama yoyote. Na wewe mgeni, usinyamaze ukanywa kwa aibu kisha ukateseka kwenye daladala. Mwambie mwenyeji mapema, kabla hajamimina: "Mama, naomba ya rangi, maziwa freshi yananisumbua tumbo. Mtindi natumia." Sentensi ya mwisho ni muhimu. Inamwonyesha kwamba hukatai cha nyumbani kwake, na mara nyingi anainuka kwa furaha kwenda kukuletea.

Anayepunguza maziwa aangalie kalsiamu. Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1,000 kwa siku, na kikombe cha maziwa kilikuwa kinampa 300. Dagaa waliokaushwa, wakiliwa na miiba yao, wanafidia vizuri. Ulezi una miligramu zaidi ya 300 katika gramu 100 za unga, ingawa mwili hauchukui zote. Uji uliochachushwa usiku kucha unasaidia zichukuliwe zaidi. Sukuma wiki inatoa kalsiamu yake vizuri kuliko mchicha, ambao una oksaleti inayoishikilia. Mtindi wako uliochujwa nao unahesabika.

Zipo hali ambazo si za kujaribu nyumbani. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, kuamshwa usiku na kuharisha, upungufu wa damu, au tumbo lililobadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50: hayo ni ya hospitali kama Mount Meru, Mawenzi au KCMC, na ni ya wiki hii. Pia giardia, kimelea cha tumboni, inaweza kuharibu utumbo hadi laktezi ipungue kwa wiki kadhaa. Mtu wa namna hiyo akitibiwa vizuri, maziwa yanaweza kumrudia, kwa hiyo asijifungie maisha yote.

Kwa watoto wachanga, tafadhali msitumie lolote kati ya haya kumnyima mtoto ziwa. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na mtoto ameumbwa nayo. Anayezaliwa bila laktezi kabisa ni nadra mno. Akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama kituo cha afya kitakavyoelekeza, na akiwa na macho yaliyozama au akishindwa kunywa, mpeleke usiku huohuo.