Indiana Fever 2024: Je, Christie Sides alistahili kufukuzwa?

Indiana Fever walimaliza msimu wa kawaida wa 2024 wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, wakiwa wameshinda mechi 20 na kupoteza 20. Wakashika nafasi ya sita, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2016, na kutolewa na Connecticut Sun kwa mechi mbili bila jibu. Tarehe 27 Oktoba uongozi ukamwachisha kazi kocha Christie Sides.

Ukiitazama rekodi peke yake, uamuzi huo unashangaza. Mwaka 2022, kabla Sides hajafika, Fever walishinda mechi 5 na kupoteza 31. Msimu wake wa kwanza, 2023, wakashinda 13 na kupoteza 27. Kisha 20 kwa 20. Timu inapanda ngazi kila mwaka, halafu aliyeipandisha anaonyeshwa mlango. Wanaomtetea wana hoja. Wanaounga mkono kufukuzwa kwake nao wana hoja, ila wengi wao huanza na ile isiyo na nguvu: mwanzo mbaya wa msimu. Tuanze hapohapo.

Fever walipoteza mechi 8 kati ya 9 za kwanza. Baada ya mechi 11 walikuwa na ushindi 2 na vipigo 9, na kipigo cha mwisho kati ya hivyo kilikuwa 104 kwa 68 mbele ya New York Liberty. Caitlin Clark, chaguo la kwanza la drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya) ya Aprili mwaka huo, alipoteza mpira mara 10 katika mechi yake ya kwanza kabisa, tarehe 14 Mei, waliyofungwa na Sun 92 kwa 71. Lawama zote zikamwelekea kocha.

Lakini chukua ratiba na kalamu. Mechi hizo 11 zilichezwa ndani ya siku 20, kuanzia 14 Mei hadi 2 Juni. Liberty walikutana nao mara 3, Sun mara 2, Seattle Storm mara 2, Las Vegas Aces mara 1. Hizo ni mechi 8 dhidi ya timu zilizokuja kumaliza ndani ya tano bora. Zote 8 walipoteza. Mechi 3 zilizobaki zilikuwa dhidi ya Los Angeles Sparks na Chicago Sky, timu ambazo hazikufika mtoano, na hapo Fever walishinda 2.

Ratiba ilibanwa hivyo kwa sababu ligi ilipaswa kusimama mwezi mzima kupisha Olimpiki ya Paris, na bado kila timu ilikuwa na mechi 40 za kucheza. Kambi ya mazoezi ilifunguliwa mwishoni mwa Aprili, wiki mbili tu na siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Clark mwenyewe alikuwa amecheza fainali ya vyuo vikuu akiwa na Iowa tarehe 7 Aprili. Ukicheza karibu kila baada ya siku moja, mazoezi ya kweli hayapo. Siku ya katikati inaliwa na safari, kupumzisha miguu, kutazama video na kupitia mipango kwa mwendo wa kutembea. Gadi mpya, yaani mchezaji wa nyuma anayeongoza mashambulizi kama Clark, anahitaji kujua mwenzake Aliyah Boston anapenda kupokea mpira mkono upi, na mwenzake Kelsey Mitchell anatoka kwa kasi gani nyuma ya skrini, yaani mchezaji anayesimama kumziba mkabaji. Mambo hayo hayafundishwi kwa video. Kumhukumu kocha yeyote kwa siku zile 20 ni kumwonea.

Sasa tugeuze upande, maana ratiba inakata kotekote.

Watetezi wa Sides hukimbilia kipindi cha baada ya Olimpiki. Fever waliingia mapumzikoni wakiwa 11 kwa 15, wakarudi tarehe 16 Agosti na kushinda 9 kati ya 14 zilizobaki. Mwezi wa mazoezi ulizaa matunda, wanasema. Ulizaa kweli, na nitaeleza yapi. Lakini zihesabu mechi hizo 14 kama tulivyohesabu zile 11. Sita zilikuwa dhidi ya tano bora: Fever waliwashinda Storm na Sun, nyumbani Indianapolis, lakini walifungwa na Minnesota Lynx mara mbili na Aces mara mbili. Dhidi ya timu zilizomaliza chini yao walicheza 8 na kushinda 7. Kama mwanzo ulikuwa mgumu kwa sababu ya ratiba, mwisho nao ulilainishwa na ratiba. Huwezi kuikubali hesabu moja na kuikataa nyingine.

Kilichobadilika kweli ni mashambulizi, na hapa Sides anastahili sifa zaidi ya anazopewa. Mei na Juni timu pinzani zilikuwa na dawa moja: Boston akija kumwekea Clark skrini, wakabaji wawili wanamrukia Clark mwenye mpira. Clark ana urefu wa mita 1.83 lakini hakuwa na nguvu ya mwili ya kupenya katikati ya watu wazima wawili, naye alizoea chuoni kurusha pasi ndefu juu ya vichwa vyao. Katika WNBA mikono ni mirefu na inafika mapema. Pasi ikichelewa nusu sekunde, imekwenda.

Dawa ya mtego huo inajulikana. Aliyeweka skrini haendi hadi chini ya kikapu, anasimama karibu na mstari wa mitupo huru. Mwenye mpira anamtupia mara tu mkabaji wa pili anapoanza kumjia, asingoje afike. Tangu hapo ni washambuliaji wanne kwa wakabaji watatu. Boston, mwenye mita 1.96 na macho mazuri ya pasi, ana chaguo tatu: apige mwenyewe, ampe aliye chini ya kikapu, au atupe kwenye kona. Lakini chaguo la kona lina maana tu kama aliyesimama pale anaogopwa. Asipoogopwa, mkabaji wake anamwacha na kuja kumziba Boston, na ule wingi wa wanne kwa watatu unafutika.

Ndiyo maana badiliko muhimu la msimu halikuwa la jina kubwa. Baada ya mapumziko mchezaji Lexie Hull alipanda kikosi cha kwanza, na dakika za mwenzake NaLyssa Smith zikapungua. Hull alimaliza msimu akiingiza zaidi ya asilimia 45 ya mitupo yake ya pointi tatu. Mtu wa namna hiyo akiwa konani haachwi. Mitego kwa Clark ikaanza kuwagharimu walioitega, Mitchell akapata nafasi ya kukimbia, na timu ikawa miongoni mwa zenye mashambulizi makali zaidi katika ligi. Clark alimaliza na wastani wa pointi 19.2 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 8.4, jumla ya asisti 337, akiivunja rekodi ya msimu mmoja ya Alyssa Thomas ya 316. Mitchell naye alikuwa na pointi 19.2. Hayo ni matunda ya benchi la ufundi lililotumia mwezi wake vizuri. Ninachojiuliza ni kwa nini Hull alingoja hadi Agosti, kwani mtego ule ulionekana tangu mechi ya kwanza.

Tukija kwenye ukabaji, utetezi wangu kwa Sides unaishia hapa.

Tarehe 17 Julai Clark alitoa asisti 19 dhidi ya Dallas Wings, rekodi ya ligi kwa mechi moja. Fever walifungwa 101 kwa 93. Tarehe 15 Septemba walikutana tena na Wings, timu iliyomaliza na ushindi 9 na vipigo 31. Fever walishinda 110 kwa 109. Wiki moja kabla, Atlanta Dream waliwatia pointi 100 katika mechi iliyohitaji muda wa nyongeza. Huo ulikuwa wakati wa neema, timu ina miezi minne pamoja, na bado timu dhaifu zilikuwa zinafika 100 mbele yao. Kwa msimu mzima Fever walifungwa pointi nyingi kuliko walizofunga.

Sehemu ya tatizo inaanzia kwenye mashambulizi. Clark alipoteza mpira mara 223, wastani wa 5.6 kwa mechi, nayo pia ni rekodi. Kuna kupoteza na kupoteza, hata hivyo. Mpira ukitoka nje, mchezo unasimama na wakabaji watano wanajipanga. Ukinyang'anywa karibu na mstari wa kati, wenzako wote wanaelekea upande mwingine, na mpinzani anakimbia wawili kwa mmoja. Hakuna mfumo wa ukabaji unaoziba hapo. Kinachowezekana ni kupanga nani anabaki nyuma kila pasi ya hatari inaporushwa, na kwa Fever mtu huyo mara nyingi hakuwepo.

Sehemu nyingine ni maumbile ya kikosi. Mitchell ana mita 1.73, naye na Clark wakiwa pamoja uwanjani mpinzani anajua pa kugonga: anamtumia mchezaji anayekabwa na Clark kuweka skrini tena na tena, mpaka Clark alazimike kubadilishana na mwenzake na kumkaba mtu mzito. Clark alicheza zaidi ya dakika 35 kati ya 40 kwa wastani, kwa hiyo miguu ilikuwa inachoka pia. Mtetezi atasema kocha hapewi wachezaji warefu kwa kuomba. Kweli. Lakini kocha huchagua kama wakabaji wake wabadilishane watu au wasibadilishane, kumficha gadi wake kwa mpigaji dhaifu, kuzuia kati na kuruhusu mitupo ya mbali. Sikuona Fever wakiwa na jibu moja waliloliamini. Walijaribu hili robo moja na lile robo nyingine.

Mtoano uliliweka hilo wazi. Mechi ya kwanza Sun walishinda 93 kwa 69: DiJonai Carrington akamganda Clark, aliyeingiza mitupo 4 kati ya 17, na Marina Mabrey akatoka benchi na kufunga 27. Ya pili ilikuwa karibu zaidi, 87 kwa 81, Clark akiwa na pointi 25 na asisti 9. Mfumo wa mwaka ule ulimpa mwenye nafasi ya juu mechi mbili za kwanza nyumbani, kwa hiyo mashabiki wa Indianapolis, waliojaza uwanja kwa wastani wa watu 17,036 msimu mzima kutoka 4,067 mwaka uliotangulia, hawakuona hata mechi moja ya mtoano. Sisi tuliokesha huku Afrika Mashariki angalau tuliiona kwenye skrini.

Kocha wa Sun katika mechi hizo mbili alikuwa Stephanie White. Siku chache baada ya Sides kuondoka, White ndiye aliyepewa kazi yake. Alikulia Indiana, na aliwahi kuifikisha Fever fainali mwaka 2015. Uongozi ulimchukua mtu aliyewaonyesha wazi kasoro yao ilipo. Yapo mengine yaliyosaidia uamuzi: Kelly Krauskopf alikuwa amerudi kama rais wa klabu vuli hiyohiyo, na kiongozi mpya hupenda kuchagua kocha wake. Hilo ni la kawaida katika michezo, lakini si haki kwa anayeondolewa.

Msimu wa 2025 haujaumaliza mjadala. Clark aliumia na kucheza mechi 13 tu. Hata hivyo Fever walimaliza 24 kwa 20, wakaitoa Atlanta katika raundi ya kwanza, na kuwapeleka Aces, waliokuja kuwa mabingwa, hadi muda wa nyongeza wa mechi ya tano ya nusu fainali, walipofungwa 107 kwa 98. Upande mmoja utasema: bila Clark wamefika mbali zaidi, basi kocha ndiye aliyekuwa tatizo. Upande wa pili utajibu kwamba White alipewa Natasha Howard na Sophie Cunningham, wachezaji wazoefu ambao Sides hakuwa nao.

Mimi naona hivi. Sides hakustahili kulaumiwa kwa Mei, na alistahili pongezi kwa mashambulizi ya Agosti. Alifukuzwa kwa haki kwa sababu ya ukabaji wa Septemba. Kosa la klabu ni kuacha umma uamini kwamba aliponzwa na zile mechi 9 za kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee ya msimu ambayo kocha mwingine yeyote, White akiwemo, angeipoteza vilevile.