Kanuni Iliyofungiwa Kabatini Hainibani

Juzi nimerudishwa dirishani kwa sababu ya “kanuni mpya”. Nikauliza imetoka lini. Karani akanionyesha simu yake: picha ya karatasi iliyopigwa upande, muhuri umekatika nusu, namba ya tangazo haipo. Imechapishwa wapi? Akaniangalia kana kwamba nimemtukania mzazi.

Tumekaririshwa kwamba kutojua sheria si utetezi. Nakubali. Ila sharti hilo lina deni upande wa pili: anayetunga kanuni aichapishe mahali nitakapoiona kabla hajaniadhibu kwayo. Unifiche, halafu uniambie nisijitetee kwamba sikujua? Huo ni mtego.

Wanaodhani haya ni malalamiko ya walalahoi tu, wasikie kisa cha Gottfried Heinrich. Septemba 2005 alipanda ndege Vienna akiwa na raketi za tenisi kwenye begi la mkononi. Walinzi wakamshusha, eti vifaa hivyo vimekatazwa. Vimekatazwa na nini? Na kiambatisho cha kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa usafiri wa anga. Na kiambatisho chenyewe kilikuwa siri! Kanuni mama ilitoka kwenye gazeti rasmi la Umoja, lile la kutangazia sheria zake, lakini ukurasa wenye makatazo ukabaki kabatini. Yaani abiria ajipekue mwenyewe nyumbani kwa kufuata orodha asiyoruhusiwa kuisoma. Heinrich hakunyamaza, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Machi 2009 majaji wakakata maneno: kiambatisho kisichochapishwa hakina nguvu ya kumwekea raia wajibu. Na suala lilikuwa ulinzi wa ndege, si ada ya kibali cha fulani.

Marekani kulikuwa na vituko zaidi. Miaka ya 1930 serikali iling’ang’ana na kesi za mafuta, mpaka ikabainika kifungu ilichokitegemea kilifutika kimakosa waraka uliporekebishwa. Wenyewe hawakujua! Mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya Marekani la kuchapishia kanuni.

Haya, dharura zipo. Ugonjwa ukilipuka hatuwezi kukaa siku 30 tukisubiri kanuni ianze kutumika. Lakini kuiweka kwenye tovuti kunachukua dakika ngapi? Na hao wanaochapisha leo kanuni “iliyoanza” mwezi uliopita, sina hata nguvu ya kuwajibu.

Mtasema nani anasoma gazeti la serikali. Wengi hatulisomi, kweli, na kurasa zake zinasinzisha. Wakili analisoma. Mwandishi wa habari mwenye kiherehere analisoma. Mshindani wa yule aliyependelewa kwenye kifungu cha saba analisoma mpaka nukta. Hao watatu wanatosha kumfanya mtunga kanuni afikiri mara mbili, na ndiyo maana kuna watu wanaona picha ya simu inawafaa zaidi.