Skripti ya picha ipewe namba, isipewe data

Mwanafunzi mmoja alipata alama 64. Cheti alichokionyesha kwa watu kilisomeka 94, na kwa yeyote aliyekitazama kilikuwa cheti halali: fonti ileile, nembo ileile, na kilitoka kwenye seva yetu yenyewe. Hakuhitaji programu ya kuhariri picha. Aliifungua picha peke yake kwenye kivinjari, akaona anwani inaishia na alama=64, akabadilisha tarakimu moja, akabonyeza Enter. Skripti, yaani programu fupi ya kwenye seva, iliyomchorea cheti cha pili niliiandika mimi.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao kila ninayefanya naye kazi ameuchoka kuusikia. Skripti inayochora picha kwenye seva ipewe namba ya utambulisho wa kitu cha kuchora, kisha iende yenyewe kuichukua data kule inakotunzwa. Ukiituma data kupitia anwani ya picha, umemkabidhi kalamu kila anayeweza kuisoma anwani hiyo.

Naelewa kwa nini wengi tunaanza vibaya. Ukiandika ukurasa wenye picha ndani yake, akilini mwako ni kitu kimoja. Kwa kivinjari ni safari mbili. Tagi ya img, alama ya HTML ya kuweka picha ambayo Marc Andreessen, mmoja wa waundaji wa kivinjari cha Mosaic, aliipendekeza mwaka 1993, haibebi picha; inasema tu picha iko wapi. Kivinjari hupokea ukurasa, huusoma, hukutana na tagi, ndipo kinapotuma ombi la pili. Kufikia hapo skripti iliyotengeneza ukurasa imeshamaliza kazi na vigeu vyake vyote vimepotea nayo. Ndiyo maana anayeanza huhangaika: jina alilonalo kwenye ukurasa, mbona skripti ya picha hailioni? Na ombi hilo la pili ni GET, yaani ombi la kuchukua tu. Tagi ya img haina namna ya kutuma fomu. Kinachoweza kusafiri nalo ni anwani yenyewe na kuki, vipande vidogo vya data ambavyo kivinjari huitunzia tovuti. Basi mtu anagundua alama ya kuuliza, anabandika cheti.php?jina=...&alama=64, picha inatokea, anafurahi na kufunga kompyuta.

Hata ukiweka kando suala la udanganyifu, njia hiyo ni dhaifu. Tulikuwa na kozi iitwayo «Hesabu & Takwimu», na vyeti vyake vilitoka vimeandikwa «Hesabu» tu, kwa sababu alama ya & ndiyo inayotenganisha kigezo kimoja na kingine. Kozi ya lugha ya C# iliniumiza kichwa zaidi. Vyeti vilitoka vimeandikwa C, ambayo ni lugha nyingine kabisa, na hakuna aliyeshtuka kwa wiki kadhaa maana C peke yake inaeleweka. Kila kinachofuata alama ya # hubaki ndani ya kivinjari. Hakifiki kwenye seva hata kidogo, kwa hiyo hata kumbukumbu za seva (logi) hazikunionyesha kitu. Dawa inajulikana: & iandikwe %26, # iandikwe %23, na kwenye PHP, lugha ya skripti hizi, kitendakazi http_build_query hukufanyia yote hayo. Lakini lazima ukumbuke kila mahali, kila mara, na ukisahau mara moja unapata picha inayopendeza yenye maneno yasiyo sahihi. Ukurasa ukiharibika huonekana umeharibika. Picha hudanganya ikiwa safi.

Halafu kuna urefu. Grafu ya vipimo vya mwaka mzima, kimoja kwa siku, ina namba 365. Apache, programu ya seva ya wavuti, kwa mpangilio wake wa kawaida hukataa mstari wa ombi unaozidi baiti 8190 na kurudisha jibu 414, yaani anwani ni ndefu mno. Hufiki hapo haraka, ila ukifika, unafika kwa mteja mwenye data nyingi kuliko wote.

Na anwani huandikwa mahali pengi: kumbukumbu za seva, historia ya kivinjari, proksi (seva za kati) za njiani. Jina la mtu na alama zake hazina kazi yoyote huko.

Jibu ambalo wengi hupewa wakiuliza ni sesheni, hifadhi ya muda ambayo seva humtunzia kila mtumiaji. Weka data kwenye sesheni wakati wa kutengeneza ukurasa, isome kwenye skripti ya picha. Niliufuata ushauri huo kwa miezi na naupinga. Sesheni ni moja kwa mtumiaji, kurasa zake ni nyingi. Mtu anafungua ripoti ya Januari kwenye kichupo kimoja na ya Februari kwenye kingine. Ukurasa wa pili unaandika juu ya data ya kwanza. Akirudi na kuonyesha upya picha ya Januari, anachorewa Februari chini ya kichwa cha habari cha Januari. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa popote. Tena PHP, inapohifadhi sesheni kwenye faili kama ilivyo kawaida yake, huifunga faili hiyo tangu session_start hadi skripti iishe. Ukurasa wenye grafu sita hugeuka foleni ya grafu sita, kila moja ikisubiri iliyo mbele yake, na unabaki kujiuliza kwa nini seva yenye nguvu inachora polepole. Unaweza kuita session_write_close mapema, na inasaidia. Lakini bado picha hiyo haitaonekana kwenye barua pepe, maana huko hakuna kuki ya kuitambulisha sesheni.

Namba huondoa karibu yote haya. cheti.php?id= kisha utambulisho. Skripti inaupokea, inauliza hifadhidata, inapata jina, kozi na alama, inachora. Alama ya # haina pa kupotelea kwa kuwa haikusafiri. Vichupo viwili haviingiliani kwa kuwa kila anwani inajua inachokitafuta. Mtu akibadilisha tarakimu anapata cheti cha mtu mwingine au hapati kitu. Hawezi kujitungia chake.

Hilo la kupata cheti cha mtu mwingine ni zito, na hapa ndipo nimeona hata watu makini wakijikwaa. Kwa kuwa picha ni ombi la pili, ukaguzi wa ruhusa uliofanywa kwenye ukurasa haukufanywa kwenye picha. Lazima ufanywe tena. Nimeona mifumo yenye ukurasa uliolindwa kwa nywila na picha iliyo wazi kwa dunia nzima, ikiwa na namba 1, 2, 3 zinazofuatana. Ikiwa picha inapaswa kufunguka bila mtu kuingia kwenye akaunti, utambulisho uwe wa nasibu na mrefu: random_bytes(16) ukigeuzwa kuwa herufi 32 hakuna atakayeukisia.

Wapo wanaonijibu kwamba Google ilipitisha data kwenye anwani kwa miaka mingi. Ni kweli. Huduma yao ya chati za picha, iliyotoka mwaka 2007 na kuzimwa 2019, ilitaka kila kitu kwenye anwani: aina ya chati, ukubwa, thamani, lebo. Niliipenda na bado naiona kazi nzuri. Lakini angalia ilichokuwa inakifanya. Haikuwa na hifadhidata yako, haikuthibitisha chochote, ilichora unachokitaka kwa jina lako mwenyewe. Cheti kinadai kwamba jambo fulani ni kweli. Risiti inadai. Grafu ya matokeo ya maabara kwenye faili la mgonjwa inadai. Picha inayodai jambo kwa niaba ya taasisi haiwezi kuchukua maneno yake kutoka kwa anayeitazama.

Zipo hali ambazo namba haitoshi, kwa mfano skripti ya picha inapokaa kwenye seva nyingine isiyoifikia hifadhidata. Hapo nakubali data isafiri, kwa sharti itiwe saini. Unachukua vigezo vyote, unavipitisha kwenye HMAC, hesabu inayotoa saini, pamoja na ufunguo wa siri, matokeo unayaongeza mwisho wa anwani. Skripti inakokotoa upya na kulinganisha saini mbili kwa kitendakazi hash_equals. Zisipolingana, inakataa kabla haijachora hata pikseli moja. Mbinu hii ina maelezo rasmi tangu 1997, na kwenye PHP ni mistari mitatu. Kumbuka tu kwamba saini inazuia kubadilisha, haifichi kitu.

Vipimo vya picha navyo ni data. Wengi hulinda jina na alama, kisha wanaacha upana na urefu wazi. Maktaba ya GD, ambayo PHP huitumia kuchora picha, hutumia takriban baiti 4 kwa kila pikseli. Anayekuomba picha ya 20,000 kwa 20,000 anakuomba gigabaiti 1.6 za kumbukumbu kwa ombi moja. Weka saizi chache zenye majina, ndogo na kubwa, ukatae nyingine zote. Hatari zaidi ni kupokea anwani ya picha nyingine. TimThumb, skripti ya kupunguza picha iliyokuwa ndani ya mandhari nyingi za WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti), iliruhusu kuvuta picha kutoka tovuti chache zinazoaminika, ila ilikagua tu kama jina la tovuti hiyo limo mahali popote kwenye jina la seva. Mshambuliaji alihitaji tu kujiandalia jina lenye blogger.com katikati. Faili lililovutwa lilihifadhiwa kwenye folda inayofikika mtandaoni, na likiwa la PHP liliendeshwa. Tovuti nyingi ziliingiliwa kwa njia hiyo mwaka 2011.

Faida moja ya namba inayosahaulika ni akiba ya kivinjari (cache). Ukiongeza toleo la rekodi kwenye anwani, kivinjari kinaweza kuishika picha kwa mwaka mzima. Rekodi ikibadilika toleo linabadilika, na anwani mpya inaombwa upya.

Ile skripti yangu ya kwanza niliifuta usiku uleule. Kila anwani ya zamani yenye alama= ndani yake sasa inajibu 410, yaani kitu kimeondolewa, na chini ya kila cheti kipya pana anwani ya kukihakiki, inayosoma rekodi ileile iliyochora picha. Vyeti vilivyokwisha kupakuliwa kabla ya usiku huo bado viko mikononi mwa watu, na sina njia ya kuvitenganisha vya kweli na vya 94.