Heri huyo wa roki

Nyinyi mnacheka kwa comments hapo juu eti Jello Biafra alikuwa mwehu kugombea umeya San Francisco, Marekani, 1979, mmesoma stori yote ama mmeishia kwa ile ahadi yake ya mabiznesimeni kuvaa nguo za klauni? Jamaa alikuwa muimbaji wa Dead Kennedys, bendi ya roki aina ya punk, hana pesa hana chama, na bado alimaliza wa nne kati ya wagombea kumi, mpinzani wake Dianne Feinstein akachukua kiti kwa raundi ya pili. Na mimi kilichoniua ni ile ya kuenda nje ya nyumba ya Feinstein na vakyumu kunyonya majani, juu mama alikuwa amepigwa picha akifagia barabara. Manze hiyo ni Nairobi kabisa! Huku kwetu mheshimiwa alikuja na ufagio mpya, lebo bado iko kwa mpini, akafagia kama mita tatu, kamera zikazima akaingia kwa gari, na mtaro wenyewe mpaka wa leo umejaa chupa za plastiki na mvua ikinyesha maji inaingia hadi kwa kibanda ya mama wa chapo.

Msiniambie pia eti msanii hawezi, Jaguar, yule mwanamuziki, si alishinda ubunge Starehe hapa Nairobi 2017? Kama alifanya kazi au hakufanya watu wa Starehe watajibu wenyewe. Lakini kwa wadi yetu mtu wa gitaa akitokea 2027 kwanza nitamuuliza basari zinagawanywa aje, akinijibu bila kuimba nampea kura.