Mgeni wa Elfu 15

Mimi nina gesti ya vyumba sita hapa Mwanga, Kigoma, na siku hizi usiku nalala sikio moja liko kwenye luku. Wenzangu husikilizia mwizi.

Nikinunua umeme wa elfu 10 napata uniti 28. Ikiwa ndiyo mara ya kwanza kwa mwezi, wanakwangua kwanza 1,500 ya kodi ya jengo, zinabaki 23 na pointi. Jirani yangu wa chumba na sebule yuko kwenye ile tarifu ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Nikimlilia kwamba mimi nalipa karibu mara tatu yake, ananijibu, "Si una hoteli wewe?" Hoteli! Bafuni ndoo na kata, halafu hoteli.

Bei nimeibandika ukutani: 15,000, feni humo humo. Nilijaribu kuandika 17,000. Wageni wakawa wanaisoma, wananipa pole, wanavuka barabara. Nikairudisha kwa kalamu ile ile.

Sasa juzi kaingia mgeni namba nne, mpole, shikamoo mzee kila tukipishana. Nimerudi kutoka Kibirizi saa mbili usiku, nakutana na harufu ya maharage ukumbini. Kwangu hapajapikwa, mkaa wenyewe mama watoto anauhesabu kipande kwa kipande. Nikaifuata harufu mpaka namba nne. Nikagonga.

Kati ya kitanda na ukuta, jiko la koili, jekundu kama macho ya mlevi, na sufuria juu yake. Maharage ya Kasulu. Ameyabandika tangu saa kumi na moja, mwenyewe kanieleza bila aibu. Jiko la wati 1,500 kwa saa tatu, piga hesabu: uniti nne na nusu, shilingi 1,600 hivi zimeshaliwa kabla hata yeye hajala!

Nikafungua mdomo nigombe.

"Karibu mzee, nimeyaunga kwa mawese."

Jamani, mawese. Na ugali wa muhogo kanunua kwa mama ntilie hapo nje, bado wa moto. Nikavuta stuli.

Tonge la pili, luku ikaanza kulia: pi, pi, pi. Nikajifanya sisikii. Tonge la tano, giza. Tukamalizia kwa tochi ya simu yake, simu aliyoichaji kwangu mchana kutwa.

"Mzee," akasema huku akilamba vidole, "feni si ndiyo imezima hivyo? Kwenye ile 15,000 utanipunguzia ngapi?"