Ngumi nzito haimsaidii aliyekwisha lazwa chini

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema bondia au mpiga karate mwenye miguu myepesi na ngumi nzito hana haja ya kujifunza kupigana chini, kwa kuwa mpinzani hatapata nafasi ya kumkamata. Sikubaliani kabisa. Francis Ngannou wa Kamerun alikuwa na ngumi za kutisha kuliko wote katika UFC, yaani mashindano ya mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka, lakini Januari 2018 bingwa Stipe Miocic alimbwaga mara kwa mara, akamlalia hadi pumzi zikamwishia, akashinda kwa pointi. Miaka minne baadaye ni Ngannou huyohuyo, akiwa na goti bovu na akizidiwa na mpinzani wake Ciryl Gane waliposimama, aliyeanza kumwangusha mwenzake na kutetea mkanda wa ubingwa. Aliongeza mieleka, basi. Mimi nafundisha vijana karate, na simwambii yeyote aache mateke akawe bingwa wa kukaba koo. Nataka ajue kurusha miguu nyuma akivamiwa, kulinda shingo, na kuinuka bila kumpa mtu mgongo. Hilo la kuinuka ndilo wengi hawalifanyii mazoezi kamwe: ukimlaza chini hata mwenye mkanda mweusi, anasukuma kwa mikono iliyonyooka, na mtu wa judo anangoja hasa mkono wa namna hiyo ili akipinde kiwiko kinyume. Halafu kuna walimu wanaokataza wanafunzi kwenda kufanya mazoezi na watu wa judo, eti ni kuusaliti mtindo. Kwenye klabu zenu mnaruhusiwa?